Saa Mia Mbili za Jembe

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji kwa sababu bado naishi humo. Ni nchi nzuri. Kila jambo lina utaratibu wake, kila utaratibu una ofisi yake, na kila ofisi ina mtu ambaye ametoka kidogo, msubiri hapo kwenye benchi.

Mimi humo ni mwalimu wa kilimo, katika Shule ya Sekondari Juhudi Mpya. Shule yetu ina shamba la eka nane za udongo mweusi, limeinamia mto. Mgeni akisikia hivyo hudhani kwamba nafundishia shambani, na mimi humwacha adhani hivyo, maana maelezo ni marefu. Nafundishia darasani. Nachora jembe ubaoni, natia mshale kwenye mpini, natia mshale kwenye bamba, wanafunzi wananakili, kengele inalia, wanaingia kemia. Kijana mmoja alichora jembe zuri hata nikampa mia kwa mia. Siku hizi anachora mabango ya vinyozi, na kazi yake naisifu kila nipitapo.

Shambani ni kwa wakosaji. Nchini kwetu kulima shuleni si somo, ni adhabu. Ndivyo ilivyokuwa tangu shule ya kwanza ilipojengwa, na Wizara ya Nidhamu na Kilimo, ambayo ni wizara moja kwa sababu hiyo hiyo, imeliweka jambo hili kwenye waraka wenye jedwali. Kuchelewa, nusu saa ya jembe. Kutochomekea shati, saa moja. Kucheka mstarini wakati wa wimbo wa taifa, saa tatu. Kuvunja kioo, saa kumi na mbili. Kumtukana mwalimu, saa arobaini. Saa zote huandikwa kwenye Daftari la Adhabu lenye jalada jekundu, pamoja na jina la mkosaji, aina ya kosa, na jina la kiranja aliyesimamia.

Mahindi na maharage yanayopatikana ndiyo makande yetu ya mchana. Kwa hiyo wanafunzi wakiwa watundu tunashiba, na wakitulia tunakonda. Mwaka mmoja alikuja mhubiri akawatubisha kidato cha pili chote kwa alasiri moja, na shule nzima ikanywa uji mwepesi hadi Juni. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Ngulumbi, alimwandikia barua ya heshima kumwomba asirudi.

*

Mwanahija Lugome alikuwa kidato cha tatu. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kucheka mstarini, na shati lake lilikuwa limechomekewa hata nilipomkuta sokoni siku ya Jumapili. Kwa hiyo hakuwahi kukanyaga shamba la shule. Alikuja ofisini kwangu ameshika fomu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwanahija. Una nini?"

"Nataka kwenda Chuo cha Taifa cha Kilimo. Wanachukua wa kidato cha tatu na cha nne, kumi na wawili tu nchi nzima."

Nikamuuliza kwa nini kilimo, mtoto mwenye akili kama yeye. Ndivyo tunavyowauliza, sisi walimu wa kilimo.

"Shamba la mama lipo mteremkoni," alisema. "Kila masika udongo unashuka mtoni. Mwaka jana tulipoteza matuta tisa, mwaka huu kumi na manne. Mama anasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi naona ni maji tu, na maji yanazuilika. Nataka kujua yanazuiliwaje."

Nilifungua kinywa nimweleze, nikakumbuka kwamba mimi najua kuchora. Nikachukua fomu nikaisoma. Ilikuwa na masharti mawili. La kwanza, mwombaji awe ametumia saa zisizopungua mia mbili katika shamba la shule, kama zinavyoonekana kwenye daftari rasmi lenye muhuri. La pili, mwombaji awe na cheti cha tabia kisicho na doa lolote.

Nikasoma mara ya pili, polepole, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini.

"Daftari rasmi lenye saa za shambani ni moja tu," nikasema.

"Ndiyo, mwalimu. Lile jekundu."

"Na aliyeandikwa humo hana cheti safi."

"Ndiyo, mwalimu. Na asiyeandikwa hana saa hata moja. Nimeshalifikiri wiki nzima." Aliniangalia kwa adabu. "Nikadhani labda wewe, kwa kuwa ni mwalimu wa kilimo, unajua mlango mwingine."

*

Nilikwenda kwa Bwana Ngulumbi. Yeye ni mtu wa kusimama anapojibu, hata kama anayesikiliza ni mtu mmoja tu.

"Mwalimu Shebe," alisema, "shule hii ina historia. Jembe la shule hii limewanyoosha watu wazito. Yupo mbunge aliyelima pale kwa kuiba sukari, na yupo meneja wa benki aliyelima kwa kudanganya umri. Leo unataka nimpe jembe hilo hilo mtoto asiye na hatia? Wazazi watasema nini?"

"Anataka kujifunza, mkuu."

"Basi ajifunze darasani, si ndiyo kazi yako?"

Niliandika Wizarani. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, likiwa na mihuri mitatu, na nimelihifadhi kwa sababu sijapata kusoma kitu kinachosema vizuri namna hiyo huku kikinipandisha presha.

"Rejea barua yako. Nimeelekezwa nikujulishe kwamba Serikali inapenda sana kilimo na inawapenda sana vijana. Hata hivyo, kumlimisha mwanafunzi asiye na kosa ni uonevu, na Serikali haimwonei mtu. Mwanafunzi mwenye nia ya kulima anashauriwa kufuata njia ya kawaida, yaani kutenda kosa. Aidha, mwanafunzi mwenye nia ya kujiunga na Chuo anakumbushwa kutotenda kosa. Nakutakia utekelezaji mwema."

Nilimsomea Mwanahija. Nilitaka kupasua ile barua mbele yake, lakini kupasua nyaraka za Serikali ni kosa, na mimi sikuwa nikitafuta saa.

Yeye hakukasirika. Alitoa kalamu.

"Tuanze na sharti la kwanza," alisema. "La pili tutaliona tukilifikia."

*

Kosa lake la kwanza lilikuwa kuchelewa. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida yake, akasimama nje ya lango na begi mgongoni hadi kengele ilipolia, akangoja dakika tano zaidi, akaingia. Akapewa nusu saa. Kwa mwendo huo angehitaji kuchelewa mara mia nne, na mwaka wa masomo haukuwa na siku hizo.

Akarudi kwangu na jedwali la makosa amelinakili kwa mwandiko safi.

"Kioo ni saa kumi na mbili," alisema, "lakini kioo ni cha watu. Wakati wa baridi wataumia. Nimeona hili la kumtukana mwalimu, saa arobaini. Yakiwa matano, yanatosha."

"Umeshawahi kumtukana mtu, Mwanahija?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuja." Akaweka jedwali mezani, akafunga mikono nyuma kama anavyosimama mtoto aliyelelewa. "Samahani, mwalimu, naomba kukutukana."

"Sasa hivi?"

"Kama una nafasi."

Nikamwambia ninayo. Akavuta pumzi.

"Mwalimu, wewe ni mwalimu wa kilimo na hujui kulima."

Nikangoja tusi. Ikanichukua muda kutambua kwamba ndilo lenyewe.

"Limetosha?" aliuliza. "Kama halikutosha naweza kuongeza la sura, lakini sikupenda kufika huko."

Nikamwambia limetosha. Niliudhika, sitaficha. Nimetukanwa na wanafunzi wakubwa, wenye ndevu, na nikaenda nyumbani nikala chakula changu. Hili nililala nalo na nikaamka nalo. Nikaliandika kwenye daftari jekundu kwa mkono wangu: kumtukana mwalimu, saa arobaini.

Mengine manne yalikwenda kwa utaratibu. Mwalimu wa hesabu alimwomba asubiri hadi mitihani ya muhula iishe. Mwalimu wa historia alitaka kwanza kuliona tusi kwenye karatasi, akarekebisha mwaka mmoja, akalirudisha. Mwalimu wa jiografia alisema anatukanwa nyumbani bure, na asingeona vibaya kutukanwa kwa faida ya mtu. Mwalimu wa nidhamu mwenyewe aliposikia lake alifunga kwanza mlango, kisha akauliza nani amemwambia. Bwana Ngulumbi hakuguswa, kwa sababu kumtukana mwalimu mkuu hakuna saa, kuna kufukuzwa.

*

Basi Mwanahija akaingia shambani. Wakosaji wa kawaida hulima wakiangalia saa. Yeye alilima akiangalia udongo. Alijaza maji nusu chupa, akailaza na kuifunga katikati ya kamba iliyovutwa kati ya vijiti viwili, na kwa kuangalia maji yamelala upande gani akajua mteremko unaelekea wapi. Akachimba makinga maji, yale matuta marefu yanayopita mteremko kwa upana ili maji yasimame na udongo ubaki. La kwanza lilibomoka kwa mvua ya siku moja. La pili likapasuka katikati. Akakaa juu ya lile la tatu kwenye manyunyu, akiangalia maji yanafanya nini, na kiranja mkuu akamwandika kwamba anakaa, akaongezewa saa mbili. Akashukuru.

Kiranja mkuu alikuwa Zamzam, binti wa kidato cha nne, mtulivu, mwenye sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kivuli cha kibanda cha majembe na fimbo mkononi, kuhakikisha wanaolima wanalima. Hakumpiga mtu hata siku moja. Alisimama tu, kama waraka unavyotaka, na kila jioni aliandika saa alizosimama na kutia saini kwenye safu yake ya msimamizi.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Wanafunzi wakaanza kuvutiwa. Walimwona Mwanahija anapima, anacheka peke yake, anawaonyesha wakosaji wenzake kwa nini mbegu mbili kwa shimo na si tano, nao wakataka kuona. Njia ya kuona ilikuwa moja. Mashati yakaanza kutoka nje ya suruali. Kidato cha pili, darasa lililowahi kutubu, walicheka mstarini kwa zamu, safu baada ya safu, na kwa kweli walicheka kwa nidhamu nzuri. Kila alasiri walikuwepo shambani watu themanini, tisini, wakibishana habari za samadi.

Tulivuna magunia sitini. Kabla ya hapo hatukuwahi kupita kumi na manne. Na mvua kubwa za mwaka ule, zilizopeleka mtoni nusu ya kijiji, hazikuchukua kutoka shamba la shule hata beseni moja la udongo. Mwanahija akahamishia makinga maji yake kwa mama yake, akayaanza mawili kwa mikono yake siku za Jumamosi. Alipohesabu saa zake kwenye daftari zilikuwa mia mbili na mbili na nusu.

"Sasa sharti la pili, mwalimu," alisema.

Hapo ndipo mimi nilipopata wazo. Naomba msomaji akumbuke kwamba wazo lilikuwa langu, wala simlaumu mtu mwingine. Katika nchi yetu Mkaguzi Mkuu wa Nidhamu na Kilimo ana mamlaka ya kusamehe. Nikaandika ombi la ukurasa mmoja: kwamba mwanafunzi Mwanahija Lugome asamehewe makosa yake, awe safi, na saa zake anazo. Nililisoma mara tatu na sikuona tundu.

*

Mkaguzi Mkuu alikuja mwenyewe, na magari manne. Alikuja kutoa vitu viwili, kwa kuwa wizara ni moja. Akasimama mbele yetu na kombe mkono wa kulia na barua mkono wa kushoto.

"Walimu, wazazi, wanafunzi," alisema. "Takwimu zimekusanywa. Shule hii ni ya kwanza kitaifa kwa mavuno. Pokeeni kombe. Shule hii ni ya mwisho kitaifa kwa tabia. Pokeeni karipio. Serikali inajiuliza swali moja: kwa nini hamuendelezi la kwanza na kuachana na la pili? Tuliuliza swali hili makao makuu, na hakuna aliyeona ugumu wowote."

Tukapiga makofi. Bwana Ngulumbi alipokea kombe akitabasamu, akapokea karipio akiwa ameinamisha kichwa, na mpiga picha akaomba warudie kwa kuwa nyuso hazikubadilika vizuri.

Kisha Mkaguzi Mkuu akatoa karatasi yangu mfukoni.

"Hapa Mwalimu Shebe anamwombea msamaha mwanafunzi mmoja. Mmoja," alirudia, na watu wakacheka. "Huruma ya Serikali si ndogo kiasi hicho. Kuanzia leo, wanafunzi wote wa shule hii wamesamehewa makosa yote."

Kofia zilirushwa. Mwanahija alinitafuta kwa macho katikati ya ule umati, akaniona, akaweka mkono kifuani. Mimi nikajiona mtu mwerevu, kwa muda wa dakika kumi hivi.

Baada ya soda, Bwana Ngulumbi alifungua daftari jekundu mezani, akatoa rula na kalamu nyekundu, akaanza kufuta. Akafuta safu ya majina. Akafuta safu ya makosa. Akaweka rula kwenye safu ya saa.

"Mkuu," nikasema, "hizo ni saa. Saa si makosa."

"Mwalimu Shebe, waraka uko wazi. Kosa lililosamehewa halikutendwa. Ambalo halikutendwa halina adhabu. Adhabu ambayo haikuwepo haikulimwa." Akapiga mstari. "Hongera. Mtoto wako ni safi kabisa."

Sikumbuki vizuri nilichosema. Najua nilipiga meza, na najua kikombe kilianguka. Bwana Ngulumbi aliokota kikombe bila kukasirika na kuniambia kwamba Chuo kinapokea maombi kila mwaka, mwakani Mwanahija atajaribu tena akiwa na rekodi nyeupe, nami niende nyumbani nikapumzike.

Keshoye mpishi akaja na tatizo lake. Magunia sitini yalikuwa stoo, lakini kwa mujibu wa daftari hakuna aliyelima, na mahindi yasiyolimwa hayana fomu ya kutolea. Wizara ikatusaidia haraka safari hii. Ikatuma barua kwamba magunia hayo yaandikwe kuwa ni zawadi ya Serikali kwa Siku ya Msamaha. Tukapangwa mstarini tukaishukuru. Mwanahija alikuwa safu ya mbele, akashukuru pamoja na wengine, na mimi nikaangalia chini kwa sababu sikuweza kumwangalia.

*

Msomaji atauliza kama shule yetu ilipeleka mtu Chuoni. Ilipeleka. Kalamu ya Bwana Ngulumbi ilifuta safu tatu, lakini safu ya nne haikuwa ya wakosaji. Ilikuwa ya msimamizi. Zamzam alikuwa na saa mia tatu na sitini za shamba la shule, zenye saini na muhuri, bila kosa hata moja. Chuo kilimchukua kwa furaha. Barua yake ilisema ni mwombaji wa kwanza katika historia kutimiza masharti yote.

Siku tatu kabla ya kuondoka alikuja shambani. Mimi nilikuwepo. Siku hizo nilikuwa napita huko alasiri, nasema nakagua, lakini nilikuwa naangalia tu yale makinga maji. Mwanahija naye alikuwa amesimama pembeni ya shamba, nje ya mpaka, kwa sababu alikuwa safi na hakuruhusiwa kuingia. Zamzam alimfuata akiwa na macho mekundu.

"Mwanahija, mimi siwezi kwenda," alisema. "Nikifika Chuoni watanipa jembe mbele ya watu. Sijawahi kulishika. Nilisimama kibandani mwaka mzima."

"Uliona tulivyofanya."

"Niliona migongo yenu."

Mwanahija aligeuza uso, akaangalia makinga maji yake. Alikuwa na haki ya kugeuka akaenda zake, na kama angegeuka mimi ningekuwa wa kwanza kumuunga mkono. Badala yake aliruka mtaro wa mpakani, akaenda kibandani, akarudi na jembe moja.

"Shika hapa," alimwambia Zamzam. "Mkono huu chini zaidi. Usilinyanyue juu ya kichwa, hupigani na mtu. Liache lianguke lenyewe, wewe liongoze tu. Sasa vuta udongo upande wa juu wa mteremko. Wa juu, Zamzam, si wa chini. Ukiuweka chini mvua itakuja kuubeba."

Zamzam akavuta. Akakosea, akavuta tena. Mwanahija akamshika viwiko kwa nyuma, wakavuta pamoja. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka walipo, na bila kukusudia nikawa nasogeza mikono yangu hewani namna ile ile.

Hatukumsikia Bwana Ngulumbi akija.

"Zamzam," alisema, "kosa lako ni lipi?"

"Sina kosa, mwalimu."

"Basi nani amemshikisha jembe mwanafunzi asiye na kosa?"

Zamzam aliniangalia mimi, na Bwana Ngulumbi naye aliniangalia mimi, na mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nililitafuta. Nilikuwa bado nalitafuta Mwanahija aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni mimi, mwalimu."

Mwalimu wa nidhamu alikuwa amesafiri, kwa hiyo daftari jipya nilipewa mimi niandike. Halikuwa na neno ndani. Bwana Ngulumbi alisimama nyuma yangu akinitajia kwa sauti ili nisikosee: Mwanahija Lugome, kidato cha tatu. Saa arobaini. Nikamkumbusha kwamba cheti cha Mwanahija cha mwakani kitakuwa kimeingia doa leo hii. Akasema analijua hilo na linamsikitisha, niendelee. Nikamuuliza kwenye safu ya aina ya kosa niandike nini, kwa kuwa jedwali halina kitu cha namna hiyo. Akafikiri kidogo, akasema: andika, kufundisha kilimo.

Nikaandika. Mimi ndiye mwalimu wa kilimo wa shule hii, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na sijawahi kushtakiwa kwa kosa hilo.